Vyumba vya Kamba

Mzee Severini alikwisha kujichagulia chumba kabla nyumba yenyewe haijawekwa hata jiwe moja. Kilikuwa kile cha pembeni, upande wa mlimani, ambako asubuhi jua lilifika mapema likitokea nyuma ya migomba. Hakitakuwa na ngazi, maana upande ule ardhi ilikuwa sawa na mlango, na goti lake la kulia lilikuwa halitaki tena habari za ngazi. Choo cha ndani kitakuwa karibu. Dirisha lake, akilifungua, litatazama kwenye mibuni, pale alipozikwa mkewe Filomena mwaka uliopita. Hakuwa anaomba makubwa. Kitanda, kiti kimoja cha kukalia wakati wa kufunga viatu, na msumari ukutani wa kutundikia koti na rozari.

Kiwanja alikichimba mwenyewe. Watu wa bondeni hawajui kujenga mlimani ni nini. Kwao mtu ananunua tofali, anapiga msingi, kesho ukuta umesimama. Huku juu ya Mlali unaanza kwanza kuukata mlima. Unashusha udongo wa juu, unaujaza chini, unaushindilia, unauzuia kwa mawe. Ikinyesha usiku mmoja, asubuhi unakuta umeteremka kwa jirani na unaanza upya. Kazi hiyo Severini aliianza mara tu mvua za masika zilipokatika, kwa jembe na sururu, mzee aliyekwisha kuvuka sabini, akisaidiwa na binti yake mdogo Irene siku ambazo hakuwa kwenye kabichi.

Masika hayo ndiyo yaliyoipasua nyumba ya zamani. Ufa uliingia ukuta wa nyuma, mkono ukawa unapita. Scholastika, binti mkubwa, alipopanda kuja kuutazama, alisema papo hapo kwamba nyumba ile ibomolewe, mabati na mawe yake yatumike kwenye mpya. Scholastika alikuwa mjini Morogoro akiuza mchele wa Dakawa kwa jumla. Alikuwa na duka, kwa hiyo alikuwa na sauti. Aliposema nyumba ijengwe, ikawa inajengwa.

Mzee hakuulizwa, na wala hakuona ubaya. Kila aliposhusha jembe alijisemea kwamba mtu hawezi kuchimba kiwanja chote hiki halafu akakosa pa kuweka kitanda. Hapo ndipo alipokosea, masikini. Na ajabu ni kwamba pale kijijini hakuna aliyezijua mila za Waluguru kumshinda yeye.

*

Siku ya kupima vyumba, fundi Halidi alitangulia kufika kutoka Mlali, na vigingi vyake, kamba, na ule mpira mrefu wa maji wa kupimia usawa. Severini alikuwa amekwisha kufagia kiwanja. Ndiyo, alikifagia udongo, kama mtu anayesubiri wachumba. Kisha akatokea Scholastika, anahema, viatu mkononi, kwa sababu gari lake dogo lilikomea chini barabara ilipokomea. Nyuma yake, akisaidiwa na fimbo, alipanda mjomba Gervas.

Gervas alikuwa mdogo wake marehemu Filomena, mstaafu wa kiwanda kule Mzinga. Waluguru ardhi yao hufuata mama. Kilima kile chote, tangu kijito mpaka kwenye mibuni, kilikuwa cha lukolo la Filomena, yaani ukoo wake, na watoto aliowazaa walikuwa wa lukolo hilo hilo. Severini alikuja hapo kijana, kuoa, na jembe lake begani. Alilima, akazaa, akazeeka. Filomena alipofariki, mwenye kauli juu ya ardhi akabaki Gervas.

"Habari za hapa, shemeji," alisema Gervas.

"Nzuri, shemeji. Karibuni."

Severini alilisikia lile pengo. Miaka yote, Filomena akiwa hai, Gervas alikuwa anamwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mdogo kwake kwa mbali. Leo alisalimiwa kama muuza duka.

Scholastika hakuwa na karatasi wala mchoro. Nyumba nzima alikuwa nayo kichwani. Alitembea kiwanjani akionyesha kwa kiatu, na Halidi akifuata nyuma, anagonga kigingi, anavuta kamba, anagonga kingine.

"Hapa mlango mkubwa. Hapa sebule. Iwe sebule kweli, fundi, si kijisebule. Korido inapita hivi. Jiko huku, choo huku. Chumba changu cha masta nakitaka upande wa bondeni, usiku nione taa za mji."

"Upande wa bondeni msingi utakuwa mrefu, dada," alisema Halidi. "Ardhi imeporomoka pale. Tutapandisha ukuta sana kabla hatujaipata sakafu."

"Pandisha."

Kidogo kidogo nyumba ikaonekana. Ni jambo la ajabu jinsi kamba na vijiti vinavyoweza kumtia mtu adabu. Dakika ile ile watu wakaanza kutembea kwa kufuata korido. Severini alipotaka kukatiza kutoka jikoni kwenda sebuleni, Scholastika alipaza sauti, nusu utani, nusu amri: "Baba! Pita mlangoni, hapo ukuta!" Wakacheka wote, hata yeye. Akarudi, akazunguka, akapita mlangoni. Alikuwa na furaha siku ile, tusimfiche. Alijiona mwenye nyumba.

Akafika kwenye chumba chake cha pembeni. Akasimama katikati ya zile kamba, akageuka upande wa mibuni, akapima kwa macho dirisha litakapokaa.

"Hiki kimekaa vizuri," alisema. "Jua linaingia."

"Kimekaa vizuri sana," alijibu Scholastika. "Hicho cha wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni, baba. Mjomba akija Krismasi, akija Pasaka, alale mahali pa heshima. Si umeona fimbo? Hataweza ngazi."

Severini akatazama fimbo ya Gervas. Kisha akavitazama vyumba vingine kimoja kimoja. Masta ya Scholastika. Cha katikati, cha Irene na mtoto wake. Kile kirefu, cha wajukuu wakifunga shule. Cha wageni. Akarudia kuvitazama, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyorudia kujipapasa mfuko ule ule.

"Haya," alisema akicheka kidogo, "na mimi mmeniweka wapi?"

Hakuna aliyecheka naye. Irene aliinama kuokota kokoto ambalo halikuwa na kosa. Halidi, aliyekuwa mgeni katika mambo yao, akaenda kuikaza kamba iliyokuwa imekaza barabara.

"Tule kwanza," alisema mjomba Gervas.

*

Walikula kwenye baraza ya nyumba ya zamani, wali na maharage, chini ya ule ufa. Gervas alikaa kwenye kiti. Severini alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu viti vilikuwa viwili na cha pili kilichukuliwa na fundi, ambaye hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Gervas alinawa, akajifuta, akakohoa. Halidi alielewa, akainuka na sahani yake akaenda kumalizia chakula kiwanjani.

"Shemeji," alianza Gervas, "mimi na wewe si watoto. Mila unazijua. Hawa mabinti si warithi wako. Warithi wako ni wapwa zako, wana wa dada yako, kule Matombo. Je, nasema uongo?"

"Husemi uongo."

"Leo wewe ukiwa na chumba kwenye nyumba hii, kikajulikana hiki ni cha Severini, kesho Mungu akikuita wapwa zako watapanda hapa. Watasema tunataka chumba cha mjomba wetu. Tutabishana kwenye matanga yako. Mimi nataka hawa watoto wajenge kwa amani."

"Hawatakuja, Gervas. Watafuata nini?"

"Umewauliza?"

Severini hakuwa amewauliza.

"Dada yako nimeishi naye maisha yangu yote," alisema. "Nimemzika pale."

"Ndiyo. Na ukoo unashukuru. Umetutunzia dada yetu vizuri sana, kila mtu anasema."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililokuwa baya. Gervas hakuwa na kejeli hata chembe. Alimshukuru kama mtu aliyechunga mbuzi wa wenyewe vizuri, na sasa jioni imefika, mbuzi wanarudi zizini na mchungaji anaagwa.

"Na nikuulize na hili," Gervas aliendelea kwa upole. "Hawa watoto, kwenu Matombo uliwapa shamba gani? Hata tuta moja?"

Severini hakuwapa. Ardhi ya kwao aliigawa yeye mwenyewe, alipokuwa mjomba mkubwa wa lukolo lake, na aliwagawia wana wa dada yake kama ilivyopasa. Kiwanja cha mama yake alimkabidhi mpwa wake Rogers. Watu walimsifu siku ile kwamba ana haki, hapendelei wanawe. Alikula zile sifa akashiba.

Akamgeukia binti yake mkubwa. "Na wewe, mama?"

Scholastika alikuwa akisukuma maharage pembeni mwa sahani. Machozi yalikuwa karibu, lakini alikuwa mfanyabiashara na alijua kuyangojesha.

"Baba, mimi sikufukuzi. Mungu wangu, nikufukuze wewe? Lakini mjomba akisema hapana juu ya ardhi hii, mimi najenga wapi? Na hawa wanalala wapi? Ile nyumba itawaangukia." Akapangusa pua. "Mimi nilijua umeshazungumza na mjomba. Ungesema mapema."

"Mlikuwa mnaniona nachimba."

"Ndiyo, baba. Tukajua unatusaidia."

Akamtazama Irene. Irene ndiye aliyemfulia, aliyempikia uji, aliyemshika mkono wakati jeneza linashuka. Chumba cha katikati kilikuwa chake, na Gervas asingekuwa na la kusema kama binti angetamka tu kwamba baba yangu atalala kwangu. Wote walilijua hilo. Wote wakasubiri.

Irene alikuwa na miaka thelathini na ushee, na mtoto asiye na baba wa kuonekana, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kulala kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Alisubiri chumba kile kuliko mtu yeyote alivyosubiri chochote. Akaikwangua sufuria kwa mwiko, akaikwangua tena, na ilikuwa tupu tangu mwanzo.

Severini akainuka. Akavuka kiwanja akikanyaga juu ya kamba, akakata sebule, akakata korido, akapita katikati ya ukuta wa chumba cha wageni. Safari hii hakuna aliyemwambia apite mlangoni.

*

Simu ilishika mtandao vizuri pale juu kwenye mibuni. Alisimama kando ya kaburi, ambalo saruji yake ilikuwa bado haijapata kuvu, akampigia mpwa wake Rogers.

"Shikamoo mjomba!" Rogers alifurahi kweli. "Leo umetukumbuka! Wazima huko?"

"Marahaba. Wazima." Severini akatafuta pa kuanzia. "Mwanangu, nimefikiria kurudi nyumbani."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Sauti ya Rogers ikaja na uchangamfu ule ule, ila sasa ulikuwa umepigwa kiraka. "Karibu sana mjomba, hapa si kwako? Ni vile tu watoto wamekuwa wengi, na mke wangu amemleta mama yake anaumwa. Lakini kuna lile banda la nyuma la kuku. Tunaweza kulisafisha. Unakuja lini?"

"Nitakwambia."

"Mjomba, mbona tulisikia huko mnajenga? Tena nyumba ya maana. Hukuwekewa chumba?"

Severini akaibana simu sikioni zaidi. "Kwa nini unauliza?"

"Aa, hapana. Tulikuwa tunaongea tu na ndugu zangu kina Faraja hapa. Tukasema, mjomba kafanya kazi kule maisha yake yote, hawawezi kumwacha mikono mitupu. Hata kama ni chumba kimoja, si ni haki yako? Na sisi ndio watu wako. Mambo kama hayo yajulikane mapema."

Basi. Gervas alikuwa amesema kweli. Mzee angeweza kumsamehe Gervas kwa uongo. Kwa ukweli alishindwa. Alijiona kama gunia linalovutwa pande mbili na watu ambao hakuna hata mmoja anayetaka kulibeba.

"Sina chumba, mwanangu," alisema. "Waambie wote. Sina."

Akakata. Akakaa kidogo kwenye ukingo wa kaburi. Hakusali na hakuongea na marehemu, kama watu wanavyopenda kusimulia. Alikuwa na hasira naye. Filomena angeweza kulisema neno hili wakati yupo, mbele ya mdogo wake, mara moja tu, na lingeshika. Hawakuwahi kulifikiria. Walikuwa na kabichi.

*

Aliporudi aliwakuta wamesimama upande wa bondeni, wanachungulia pale ardhi ilipoporomoka. Nyuso zao zilikuwa zimepata nafuu, na Severini akajua kuna jambo limepatikana.

"Baba, njoo uone," Scholastika aliita. "Fundi ametoa wazo."

Halidi hakuonekana kulionea fahari wazo lake. Alieleza kwa haraka, akiangalia chini. Masta ikikaa pale juu, chini yake kutakuwa na uwazi, kwa sababu ya ule msingi mrefu. Watu wengine huujaza kifusi. Lakini ukichimba kidogo kuingia mlimani, unapata stoo. Mlango wake unatokea nje, huku bondeni.

"Ya viazi, majembe, mbolea," alisema Scholastika. "Na kitanda kinaenea, baba. Nimemuuliza. Kitanda kinaenea vizuri kabisa." Akamshika mkono. "Ila tutaiita stoo. Mtu akiuliza, hata wewe, ni stoo."

"Stoo haina tatizo," alisema Gervas. "Stoo hairithiwi."

"Na chooni nitafikaje?"

"Tutakuwekea ngazi za mawe pembeni, unapanda unazungukia mlango mkubwa," alisema Scholastika. "Zoezi, baba." Akajaribu kutabasamu.

"Dirisha?"

"Tundu la hewa tutaacha hapo juu ya mlango, mzee," alisema Halidi. "Upande wa mlimani haiwezekani. Kule ni udongo mtupu."

"Udongo utafika wapi kwenye ukuta?"

Halidi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Utakupita kichwa. Tutapaka lami, lakini sikudanganyi, mlima huu una maji."

Severini aliinua macho kwenye mibuni. Siku ya mazishi alisimama ukingoni mwa shimo mpaka vichwa vya wachimbaji vilipozama, ndipo akasema panatosha. "Ni kama la Filomena," alisema. "Lilichimbwa hivyo hivyo."

"Baba, usiseme hivyo," alisema Irene. Ndilo neno lake la kwanza tangu waanze kula.

Angeweza kukataa. Angeweza kuchukua koti na rozari akateremka kwenda kwenye banda la kuku la Matombo, na mtu mwenye moyo wa hadithi angefanya hivyo. Lakini goti lilikuwa linauma, na huku juu anajua kila jiwe, na asubuhi kabichi zina umande.

"Asanteni," alisema.

Neno hilo aliliona aibu lilipokuwa linatoka, na akaona pia jinsi lilivyowafurahisha. Scholastika akamkumbatia. Gervas akampiga piga begani na kusema, "Umefanya vizuri, shemeji," kisha akaomba asaidiwe kushuka kabla ukungu haujashika njia.

Halidi alikuwa anakunja mpira wake. "Dada, vibarua wa Jumatatu tulipatana nao msingi tu. Hii stoo ina uchimbaji wake."

Scholastika akafumba macho kidogo. Hakuhitaji kujibu, kwa sababu baba yake alikuwa amekwisha kwenda kuchukua sururu.

Akasimama chini ya ile masta ya kamba, akageukia mlima. Kwa kisigino alichora mstari wa kitanda, urefu wake mwenyewe na kidogo cha mto. Kisha akaongeza kipande kifupi mbele yake, cha kiti, akagonga kigingi. Akatema mate viganjani, akaanza. Udongo wa huko chini ulikuwa mwekundu na wa baridi, na pigo la tatu tayari lilitoa unyevu.

Irene alichukua jembe akaja kusimama karibu naye. Hakumtazama, wala yeye hakumfukuza. Wakachimba pamoja kama walivyozoea.

Juu, Scholastika alikuwa anavaa viatu tayari kuondoka. Akachungulia kutoka ukingoni, akauona mstari na kigingi.

"Baba!" aliita kwa upole. "Usiongeze sana hapo. Ni stoo tu."

Severini akasimamisha sururu. Akakitazama kile kipande cha kiti. Akainama, akakichomoa kigingi, akakirudisha nyuma mpaka kwenye mstari wa kitanda, akakigonga hapo. Kisha akaendelea kuchimba.